Kisanduku Kisicho na Skrubu

Jumanne ile mashine ilikuwa nzima, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mashine ikiwa na hitilafu, mume wangu Osmar hula vizuri, hulala vizuri na huimba bafuni. Ikiwa nzima huizunguka kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata. Siku hiyo aliizunguka asubuhi yote. Nilipotoka kwenda sokoni akabonyeza kitufe cha kusasisha mfumo. Niliporudi picha zilikuwepo, intaneti ilikuwepo, sauti haikuwepo.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi? Imejisasisha."

"Yenyewe?"

"Niliisaidia kidogo."

Nieleze mashine yenyewe. Ni sanduku kubwa jeusi aliloliunga Osmar kwa vipande alivyonunua kimoja kimoja, na ndani yake anaendesha macOS, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za wenyewe waliouunda tu. Hapa mjini kwetu Ubá kompyuta ya wenyewe ni bei ya pikipiki, na pikipiki walau inakufikisha mahali. Kwa hiyo Osmar huudanganya mfumo. Huuambia umo ndani ya mashine halali, toleo fulani, mwaka fulani, namba fulani ya kuzaliwa. Uongo huo lazima ulingane kila mahali ulipoandikwa. Ukisema hili hapa na lile pale, mashine haiwaki. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Osmar husema ni fupi kwa mwongo msahaulifu.

Tabu ni kwamba kila sasisho huja na kufichua uongo mmoja. La mwaka juzi liliua Wi-Fi, na tangu hapo kuna waya unaopita juu ya jikoni langu kutoka sebuleni. Nauanikia vitambaa vya kufutia vyombo.

Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano. Baba hupiga goti, humvua binti viatu vya kitoto, humvisha vya visigino, kisha wanacheza valsi na ukumbi mzima unalia. Ukiondoa sauti, valsi ni watu wawili wanaotafuta kitu walichoangusha sakafuni. Nilikuwa na video moja ya kukabidhi, na mama wa binti hakuwa mtu wa kungoja.

Lakini si video iliyoninyima raha. Osmar alikuwa fundi televisheni. Duka lake lilikuwa kona ya kanisa, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia tochi alipochungulia ndani ya yale makasha mazito. Kisha watu wakaacha kutengeneza televisheni, wakawa wanatupa na kununua nyingine. Alifunga duka, akaja kukaa kwenye kigoda cha jikoni akiwa amevaa koti lake la kazi, na akakaa hapo kiangazi chote na masika yote. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anapungua tu. Aliyemwinua pale ni mimi, siku nilipomwambia nahitaji kompyuta na hela sina. Ndiyo maana waya juu ya kichwa changu naustahimili. Kigoda kile ndicho ninachokiogopa.

Binti yetu Rosilene, anayefanya kazi benki huko Belo Horizonte, alipiga simu akasikia kimya cha nyumbani.

"Imeharibika tena?"

"Sauti tu."

"Mama, imetosha. Jumapili nakuja na mashine halali nimekununulia. Baba naye apumzike."

Nilitaka kumwambia kwamba baba yake alishawahi kupumzika, na nusura tumpoteze. Nikasema tu, "Akiirudisha sauti kabla ya Jumapili, hiyo yako urudi nayo."

"Sawa. Lakini nakuja nayo."

Osmar alipambana. Kuna namba ya mpangilio wa sauti, na kila chombo kina yake. Unaandika namba, unazima, unawasha, unasikiliza. Husikii kitu, unaandika nyingine. Nilipika, nikafua, nikasali, yeye anazima na kuwasha. Alipozimaliza namba zote akaenda kuwauliza wenzake mtandaoni, wakamwambia ukweli: toleo jipya halikuificha ile sehemu inayojua vyombo vya sauti kama chetu, limeiondoa kabisa. Itabidi aing'oe kwenye toleo la zamani aipachike kwenye jipya, na akiipachika vibaya mashine haiwaki.

"Si urudi kwenye la zamani lote?" nikauliza.

"Nakala niliifuta."

"Kwa nini?"

"Sasisho lilikuwa halina nafasi."

Jurandir, rafiki yake wa tangu enzi za duka, alikuja kunywa kahawa na kushauri bila kuombwa. "Osmar bwana, si ununue kale kadude ka sauti? Unachomeka ubavuni, kazi kwisha."

"Mtu mwenye miguu yake hanunui mkongojo."

"Miguu yenyewe iko wapi? Shemeji, wewe umeiona?"

"Mimi nakaanga vitunguu," nikasema. "Msinitie humo."

Jumapili nilipika kuku wa bamia na ugali. Rosilene aliingia na ile mashine halali, kisanduku cheupe ambacho ungedhani ni kopo la biskuti. Osmar alikuwa bado anazima na kuwasha. Rosilene alikichomeka, kikamuuliza maswali mawili matatu ya adabu, kikaanza kupiga valsi ya yule binti, safi kabisa, na besi inayotetemesha vijiko.

"Nzuri," Osmar akasema. Alisema kwa moyo mweupe, hilo ndilo lililoniuma. Akakishika, akakipindua chini juu, akakizungusha. "Inafunguliwa wapi? Sioni skrubu."

"Haifunguliwi, Baba."

"Ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Kila kitu huharibika, mwanangu."

"Basi ikiharibika tunanunua nyingine."

Akakiweka mezani taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa watu kwa mama yake. Kisha akalibeba lile sanduku jeusi hadi kibanda cha kufulia nyuma ya nyumba, akanawa mikono mpaka viwiko, vile alivyonawa siku aliyofunga duka. Kuku hakumgusa.

Video niliimaliza siku ya pili yake kabla ya chakula cha mchana. Kisanduku hakikugoma wala hakikuuliza kitu. Nilikichukia. Osmar alikuwa kwenye kigoda, koti la kazi mwilini, kimya kama kuku aliyenyeshewa.

"Kimekubali?"

"Kimekubali."

"Hakikusumbua?"

"Hakikusumbua."

"Vizuri," akasema, akaangalia ukuta. Kesho yake hakunyoa ndevu. Kesho kutwa yake aliniuliza leo ni siku gani, nikamjibu, na baadaye kidogo akaniuliza tena.

Nikaogopa vibaya sana. Sasa mtu aliyeishi miaka yote hii na mwanamume anayedanganya mashine, kuna kitu atakuwa amejifunza. Nikakaa mbele yake na bakuli la maharage ya kuchambua.

"Osmar, hiki kisanduku sauti yake mbovu."

Akageuka. "Mbovu vipi?"

"Haina besi. Valsi inalia kama nzi ndani ya glasi. Mama wa yule binti kanipigia kulalamika."

"Rosilene alipoiwasha ilisikika nzuri tu."

"Hata yeye ameiona. Anaona aibu kusema, kwa kuwa kanunua yeye."

Akakuna kidevu. Nikaacha maharage, nikatoka uani mbio nikampigia Rosilene.

"Rosilene, kile kisanduku hakina besi."

"Mama, nilikisikia kwa masikio yangu."

"Ulikisikia ukiwa na njaa."

"Mama, unanidanganya."

"Ndiyo. Na baba yako akikuuliza, hakina besi."

Nikasikia watu wa benki wakiongea nyuma yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Amekalia kile kigoda?"

"Amekikalia."

"Hakina besi hata kidogo," akasema, akakata simu.

Niliporudi ndani kigoda kilikuwa kitupu. Sanduku jeusi lilikuwa juu ya meza yangu ya chakula, tumbo wazi, na Osmar alikuwa analipuliza vumbi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kawaida, yaani anazima na kuwasha na kuwatukana wahandisi asiowajua. Mara mbili mashine iligoma kuwaka kabisa, akala sahani mbili mbili za chakula. Mimi nilikuwa na video ya binti mwingine. Kwa hiyo Osmar akitoka, nilikishusha kisanduku kutoka juu ya friji, nikafanya kazi kwa kuiba nyumbani mwangu mwenyewe, kisha nikakirudisha na kukifunika kitambaa.

Alasiri moja alikwenda kwa Jurandir kuazima diski yenye toleo la zamani. Nikajua nitakuwa na muda wa kutosha. Nilifungulia valsi, na kwa kuwa ilikuwa nzuri nikaongeza sauti, na kwa kuwa baba wa yule binti alikuwa analia, nami nikalia. Besi ilitetemesha vijiko kwenye kabati. Nilipogeuka kuchukua leso, Osmar alikuwa amesimama mlangoni na diski mkononi.

Nilijua uongo wangu umekwisha, na nilijua akikaa tena kwenye kigoda kile hakuna nitakachokibuni cha kumwinua. Hata kuizima sikuweza. Tukaisikiliza valsi yote mpaka mwisho, kila mtu upande wake wa jikoni.

Ilipokwisha, Osmar alifuta miguu kwenye zulia la mlangoni, akaingia.

"Kweli," akasema. "Mbovu kabisa."

"Haina besi," nikasema.

"Haina hata kidogo. Nashangaa unaivumilia vipi." Akakichukua kisanduku, akakirudisha juu ya friji, akakifunika kitambaa kwa uangalifu. "Rosilene naye kanipigia. Kasema hivyo hivyo, neno kwa neno."

Akavaa miwani, akavuta kiti hadi mbele ya sanduku jeusi, akatafuta bisibisi mfukoni mwa koti. Akainamia ndani kwa muda, akihema.

"Dalva," akaniita, bila kuinua kichwa. "Hebu njoo unishikie tochi."

Nikaenda nikamshikia.