Spika za Bushiri

Kilichomuudhi Mwanakhamisi ni kwamba spika mpya zilikuwa nzuri kweli. Zingekuwa mbovu, angezirudisha kwenye katoni, akamwambia mwanawe asante, na mambo yakaishia hapo. Lakini Muharami alizitoa mbali, ng'ambo ya Tunduma, akazipakata kwenye lori kama mtu aliyebeba mayai. Na alipoziunganisha pale mgahawani, mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla hajaanza kuimba.

"Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Kumbe naye huchoka."

Mgahawa wenyewe ulikuwa Mbeya, kando ya barabara iendayo Uyole, na madereva walisimama pale kwa mambo mawili, maandazi na muziki. Miaka yote muziki huo ulitoka kwenye maboksi mawili ya mninga aliyoyatengeneza mumewe, Bushiri, aliyekuwa seremala. Sasa Bushiri alikuwa marehemu, na Sedekia, mwenye ukumbi wa dansi kule Iringa, aliyataka maboksi hayo. Dereva wake, Selestini, angeyapakia jioni ileile. Muharami alikwisha kukubali, maana chumba kile hakikuwa na nafasi ya spika nne. Mwanakhamisi hakukubali wala hakukataa. Alisema ngoja asikilize kwanza.

Na kusikiliza alisikiliza. Alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo. Hata taa ikizimika yeye ndiye wa kwanza kutaka kujua kwa nini. Aliweka santuri moja, wimbo wa harusi alioupenda Bushiri, akaupiga kwenye maboksi ya zamani, kisha kwenye spika mpya, kisha akarudia tena. Wateja wakageuka waamuzi bila kuombwa na mtu. Spika mpya zilimfunulia vitu asivyowahi kuvijua: gitaa la pili lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza, kidole kikiteleza kwenye waya, mtu akicheka kwa mbali mwisho wa ubeti. Alifurahi sana, na furaha hiyo ikamtia haya, kwa kuwa maboksi ya marehemu yalikuwa palepale pembeni.

Kiitikio kilipoingia, akainua kichwa.

"Muharami, kayamba liko wapi?"

"Kayamba gani, mama?"

"Hapa pana kayamba. Siku zote lipo."

"Labda masikio tu."

"Usinifundishe kayamba mimi. Kabla sijaolewa na baba yako, hapakuwa na harusi Iringa nzima niliyokosa kulitikisa."

Muharami akakaza nyaya, akarudisha sindano nyuma. Kwenye spika mpya, kimya. Kwenye maboksi ya zamani, kayamba hilo hapo, chaka-chaka, chini ya besi.

"Vitu vya bei vinakula kayamba!" akasema mteja mmoja, kwa raha ya mtu ambaye hakununua yeye.

Mwanakhamisi akashusha pumzi. Sababu alikuwa ameipata. Angesema spika mpya zina upungufu, na maboksi ya Bushiri yangebaki mahali pake. Mambo yangeishia hapo. Lakini Selestini alikuwa ameshaingia, ameshika kikombe chake cha chai, naye hakujua kunyamaza.

"Mama, ile kayamba haipo kwenye wimbo. Hiyo santuri iko kwa mjomba wangu pale Kalenga, na ukumbini kwa Sedekia inapigwa kila Jumamosi. Kayamba hakuna. Si ndiyo maana bosi anataka haya maboksi? Alikunywa chai hapa, akasikia ile kayamba, akachanganyikiwa kabisa."

"Una hakika, baba?"

"Haki ya Mungu."

Mwanakhamisi akabadilisha santuri, akaweka ya bendi nyingine kabisa kwenye maboksi ya zamani. Besi ilipoanza, kayamba likaanza.

"Kumbe huyu mpiga kayamba yumo kwenye bendi zote," akasema yule mteja, na safari hii hata Muharami alicheka. Mwanakhamisi hakucheka. Aliinama, akaweka kiganja kwenye boksi moja, kisha kwenye la pili. La kushoto ndilo lililokuwa likitikisika kwa ndani.

"Lete bisibisi."

"Mama, Selestini anangoja kupakia..."

"Bisibisi, Muharami."

Skrubu za Bushiri zilitoka kwa shida. Ubao wa nyuma ulipoachia, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya. Kisha akaona. Chini kabisa, limefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili licheze bila kuruka, palikuwa na kayamba. Mabua yake yalikuwa yamefifia, lakini ukingo bado ulikuwa na uzi mwekundu, na uzi ule aliuzungusha yeye kwa mkono wake.

Wiki ile aliyoolewa, mama mkwe alisema mke wa Bushiri hatikisi kayamba mbele za watu. Mwanakhamisi akampa mumewe akalichome, kwani mwenyewe hakuweza. Bushiri alikwenda nalo uani, akarudi ananuka moshi, na hawakulizungumza tena. Bushiri hakuwahi kumpinga mama yake hata siku moja. Alitengeneza boksi tu, akaliweka mgahawani, mkewe akawapikia watu chai huku kayamba lake likilia kila siku, naye asijue.

Alilia palepale, mbele ya madereva, wala hakujificha.

Muharami akachuchumaa kando yake. "Nimwambie aende zake, mama? Maboksi yabaki?"

Mwanakhamisi akafungua ile mipira, akapangusa kayamba kwa upindo wa khanga, akarudisha ubao.

"Apakie."

"Maboksi ya baba?"

"Chake alichonipa ni hiki. Weka ule wimbo. Kwenye spika zako."

Mwimbaji akavuta pumzi, akaanza. Kiitikio kilipoingia, Mwanakhamisi alikuwa amesimama kando ya birika, kayamba mikononi. Mwanzoni alichelewa, akawa nyuma ya ngoma. Kisha mikono ikakumbuka.

Selestini alisimama mlangoni, boksi begani.

"Mama, sasa bosi nitamwambia nini?"

"Mwambie mpiga kayamba amebaki Mbeya. Akiyataka hivyohivyo, ayachukue."

Akafumba macho, akangoja kiitikio kirudi.