Ganda la Ekseli

Isse alikuwa akiziba sufuria ya Fatumo muuza chai, sufuria iliyozibwa hata ikawa viraka vitupu. Ng'ambo ya barabara, Landkruza nyeupe za shirika la msaada zilipanga foleni kwenye karakana ya binamu yake Awil kama ngamia kisimani.

Tangu mvua za El Niño zichimbue njia ya Dadaab, maganda ya ekseli za nyuma, yale mabomba ya chuma yanayobeba difu na uzito wote wa gari, yalikuwa yakipinda kama miwa. Shirika likataka yaongezewe chuma mgongoni. Kazi ya kuchomelea, basi, na Garissa nzima ilijua fundi wake ni Isse. Lakini Alio, afisa wa magari, alikuwa na dada aitwaye Barwaqo, na Barwaqo ndiye mke wa Awil. Nani tena aulize?

"Binamu yako anakula nchi," Fatumo alisema, akijikunja kivulini. "Jana Barwaqo kashuka sokoni, dhahabu mpaka masikioni. Na mkeo Rukiyo je?"

"Rukiyo ana masikio. Yanamtosha."

Fatumo akacheka mpaka akashika mbavu. Isse hakucheka. Yeye na Awil walikuwa watoto wa ndugu wawili, waliolishwa sahani moja. Sasa sahani ilikuwa moja bado, ila mkono uliochota ulikuwa mmoja tu. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa mgunga.

Alio akafika na miwani yake myeusi. Chuma kinene kilichotoka Nairobi hakikumfikia Awil. Kilikuwa tayari geti la nyumba mpya ya Alio, na mji mzima ulilipita ukilitazama bila kusema. Awil alipewa vipande vya mapipa makuukuu.

"Shemeji, hivi ni vyembamba."

"Kwani unajenga daraja la Tana? Choma! Gari linatoka adhuhuri."

Awil akachoma hadi mshono ukaisha, ganda bado jekundu. "Basi acha lipoe kwanza."

"Mwaga maji."

Isse alisikia yote. Ganda la ekseli huchomwa kidogo hapa, kidogo kule, lisipinde, kisha hufunikwa mchanga mkavu lijipoee lenyewe. Likinyweshwa maji likiwa jekundu, pale penye mshono huvunjika kama biskuti. Neno moja tu la kupaza lingetosha kuwazuia, na barabara yenyewe nyembamba. Akainuka.

Hapo Barwaqo akatokea na birika, harufu ya hiliki ikavuka mpaka kwa Isse. Awil akapokea kikombe, akamwona, akakiinua juu.

"Warya Isse! Njoo unywe!"

Ukarimu huo ndio uliomchoma. Isse akaketi.

"Sufuria ya watu inaningoja," akajibu, na nyuma yake maji yakalia kwenye chuma. Na livunjike, aliwaza. Alitaka gari livunjike, na jina la Awil. Mtu hakuwamo katika hesabu yake.

Ganda lilikatika kabla ya Dadaab. Gari likabingirika, likamwua mchunga ngamia mmoja wa ukoo mwingine aliyekuwa amepewa lifti. Shirika likasema abiria hakuruhusiwa kupanda. Alio akasema fundi alilipua kazi. Awil akafungiwa kituoni, na wazee wakaja kwa Isse na kamba mkononi.

"Binamu yako, mtoto wa adeer yako, kaua," alisema Mzee Billow. "Diya, fidia ya damu, ni ya ukoo. Kila nyumba inatoa ngamia."

"Na Alio?"

"Alio si wetu, ni shemeji tu. Ukoo wake haudaiwi."

Alio mwenyewe alikuwa amekaa hapo mkekani, miwani kifuani, wazee wakimshukuru kwa kuwaleta na gari la shirika. Isse akafungua kinywa. Angelitaja geti, angeulizwa pia juu ya maji: uliyaona yakimwagwa, ukanyamaza? Akakifunga.

"Allah awape subira," Alio alisema akiinuka. Kisha, akimshika Isse bega: "Magari ni yako kuanzia leo. Moja liko nje. Linahitajika kabla ya magharibi."

"Na chuma?"

"Kile kile. Kwani kuna kingine?"

Fatumo alikuwa mlangoni, hakungoja kusimuliwa. "Haye, Isse! Sasa nchi unaila wewe!"

Ngamia aliyechukuliwa ndiye aliyekuwa akiwapa watoto maziwa. Rukiyo alimfuata mpaka mwisho wa boma. Ndama hakuwamo katika diya. Alibaki amefungwa nguzoni, akimlilia mama yake.

Isse akajilaza chini ya Landkruza, akawasha mashine. Ilinguruma vizuri, ikafunika kila kitu. Lakini kila kijiti cha kuchomelea kilipoisha, mngurumo ulishuka, na ndama akasikika.

Akajizoeza kubadilisha vijiti upesi.