Vibiriti Viwili

...naam, naomba radhi, nafsi yangu, hadithi hii nitaiharibu, maana imeanzia tumboni, tena tumbo lenyewe langu, na hapa benchini hospitali Wanu, mke wangu, kakaa kati yangu na Jecha, anacheka, sijui Jecha kasema nini, mimi miaka ishirini nnaichekesha Unguja nzima na nyumbani sichekewi, huyu mpangaji wa chumba cha uani akikohoa tu mke wangu anashika mbavu, na mwili wa Jecha ule... Jumatatu kajikata na mbuzi akimkunia Wanu nazi, Ijumaa kovu, mimi kidonda cha mguu mwezi wa tatu kinanitazama, chanjo ya ndui yeye ilimshika mara moja, mimi mara mbili imekataa, na Bwana Abrahman, mpimaji, anamweleza mtu pale dirishani, mwenye minyoo mingi mwili wake huchoka kupigana, mdudu huwabembeleza walinzi wa damu wasimguse, basi na maradhi mengine yakipita hawainuki, kumbe ndiyo hayo, kumbe nimefuga wageni, na roho yangu ilinong'ona minyoo nnayo tangu kikundi chetu cha maigizo, mimi na Jecha tumo, kilipoambiwa mwenye minyoo haendi kuigiza Pemba, anabaki anywe dawa, nikasema moyoni, Jecha, utabaki wewe, bwana harusi wa mchezo nitakuwa mimi, ndipo leo asubuhi, nilipokabidhiwa vibiriti viwili vilivyotiwa choo nivilete kupimwa, chake na changu, nikabadilisha vikaratasi vya majina pale Darajani, mbele ya wauza pweza... "Jecha Pandu," anaita Abrahman, "safura na mchango, minyoo tele. Dawa hii hapa, na wiki mbili upumzike nyumbani." Halafu mimi, Mcha, safi kama maji ya mvua, Pemba kesho, hongera, hongera ya nini, kidonda kinawasha, na Wanu kamgeukia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kabla ya mapinduzi, "Usijali, Jecha, uji ntakupikia mwenyewe, mume wangu anasafiri," mume wangu, ndiye mimi huyo, wiki mbili, chumba cha uani, uji... niseme? nikisema nimejiumbua, nisiposema nnapanda meli na minyoo yangu, Jecha mdomo wazi, kashika chupa ya dawa yangu, Wanu bado kakaa kati yetu, natafuta wa kumlaani, simpati ila yule mwerevu aliyempa mwenzake ugonjwa wake wote, akampa na dawa, akampa na mke wa kumuuguza.