Mahali Penye Mtandao

Tangu Ijumaa jioni Annika Halvorsen hakuwa amesoma ujumbe hata mmoja, na sasa ilikuwa Jumapili asubuhi. Simu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji, haina mtandao. Mama yake, Karin, alikuwa amemleta makusudi kwenye ziwa lililoganda, mbali na mtandao. Walikaa ndani ya kibanda cha mbao juu ya barafu, kila mmoja na mshipi wake wa kuvulia ndani ya tundu la barafu, jiko dogo la gesi likiwa katikati yao.

"Huli," Karin alisema.

"Nimekula."

"Umekula biskuti moja, na nusu yake umewapa samaki."

Annika hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na wiki sita zilikuwa zimepita bila kicheko cha kweli. Yote yalianza na picha. Delaney, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alimpiga picha akiwa ukingoni mwa bwawa la shule na nguo ya kuogelea, akaiweka kwenye kundi la mtandaoni la wasichana wa timu ya kuogelea na maneno haya: "Nyangumi ametoka kupumua." Wote walicheka. Annika naye alituma kikaragosi cha kucheka, asije akaonekana ameumia. Tangu siku hiyo simu haikumtoka mkononi. Alilala nayo chini ya shavu. Aliisoma chooni, darasani, ndani ya basi la shule, akitafuta jina lake. Alipolikosa ndipo alipoogopa zaidi, maana aliamini wameanzisha kundi jingine la kumsema.

"Naenda msalani," alisema, akavaa koti.

Choo kilikuwa ufukweni, upande wa kushoto. Annika alikwenda kulia. Ijumaa, walipokuwa wanaingia kwa pikipiki ya theluji, aliona alama ya mtandao ikiwaka kidogo karibu na pale mto unapoingia ziwani. Hapo hapo mama yake akakata kona kwenda mbali. "Huku hatukanyagi," alimwambia. "Maji ya mto yanakula barafu kwa chini, na mwezi wa tatu ndio huu, barafu inaanza kulegea."

Alikumbuka kila neno. Bado alitembea, simu mbele ya uso wake, mpaka ikaanza kutetemeka na kuendelea kutetemeka. Ujumbe mia moja arobaini na sita. Alivua glovu kwa meno.

Barafu ililia chini ya buti zake, sauti nyembamba ndefu. Alijua afanye nini, kila mtoto wa kaskazini mwa Minnesota anajua: alilala kifudifudi ili uzito usambae. Simu ikamponyoka, ikateleza hatua mbili mbele, pale barafu ilipokuwa nyeusi na yenye maji juu. Nyuma yake palikuwa salama.

Alitambaa kwenda mbele.

"Annika." Sauti ya mama yake, aliyekuwa amefuata nyayo zake na kamba, ilikuwa ya chini kabisa, kama ya mtu anayezungumza na farasi aliyeshtuka. "Iache. Rudi kinyumenyume."

"Nimeshaifikia."

Kidole kiliigusa, na barafu ikaachia. Maji yalimbana kifua hata pumzi ikagoma. Alishika ukingo, ukamegeka. Akashika mwingine.

Karin alikuwa amelala juu ya barafu, kamba mkononi. "Ipitishe kwapani. Vizuri. Sasa piga miguu kama unaogelea. Piga, mwanangu."

Alipiga miguu. Kamba ilimkata kwapani, tumbo likapanda juu ya barafu, mama yake akamburuta mpaka kwenye barafu nyeupe. Simu ilibaki kule, ukingoni mwa tundu, ikitetemeka. Hakuna aliyerudi kuichukua.

Kibandani Karin alimvua nguo zote, akamfunga kwa mablanketi, akamkumbatia mpaka meno yakapunguza kugongana. Kisha akamuuliza bila kuzunguka: "Ulitaka kufa?"

"Hapana." Annika alivuta blanketi hadi kidevuni. "Sijui. Nilijua itapasuka. Niliona heri nizame kuliko nisijue wanasema nini."

Karin alimkumbatia kwa nguvu zaidi. "Kesho tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe," alisema. "Leo nieleze yote. Anzia mwanzo."

Alieleza. Ilichukua saa nzima.

Daktari aliwapeleka kwa mshauri, mama mmoja wa makamo asiyeharakisha mtu. Siku za kwanza bila simu zilikuwa ngumu. Mkono wa Annika ulikwenda mfukoni wenyewe, na mara mbili aligombana na mama yake mpaka mlango ukabamizwa. Wiki ya tatu alilala kwa muda wa saa saba mfululizo.

Mwezi wa Aprili alimsimamisha Delaney kwenye korido ya shule.

"Ile picha iliniuma."

"Lakini ulicheka."

"Nilijifanya."

Delaney alitazama mlango wa darasa. Kengele ikalia. Annika hakuondoka. Alisimama pale akimngoja ajibu.