Rangi Chini ya Bolti

Nilifika gereji ya Buzuruga saa nne asubuhi, nikamkuta fundi Josephat ameshika koleo la kukatia nyaya. Kwenye siti ya mbele ya Noah ya Mzee Jumbe kulikuwa na kompyuta nyingine ya injini, iliyotolewa kwenye gari la ajali. Soketi zake hazikufanana na za Noah. Josephat akishakata nyaya za Noah ili aiunge, hakuna kurudi nyuma.

"Subiri," nikasema.

"Mama Bushra, mwanao kamwagia injini maji, kaunguza kompyuta. Tusubiri nini?"

Mwanangu Bushra ndiye dereva wa gari hilo. Ana miaka ishirini na minne, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Wiki ile gari lilimzimikia mara tatu, mara ya mwisho akiwa na abiria saba na lori nyuma yake. Mzee Jumbe alishamwambia: kama ni wewe uliyeharibu, acha funguo.

Nikamgeukia Mzee Jumbe, aliyesimama kando na Bushra. "Shikamoo, mzee. Nipe nusu saa."

"Marahaba. Wewe ni mama yake, utasema nini kingine?"

"Nina diploma ya umeme. Nitasema kitakachosemwa na mita."

Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa kompyuta, ule unaorudisha umeme wake kwenye bodi. Sifuri.

Josephat akacheka. "Haya, mita imesema."

"Gari limezimwa, unataka iseme nini? Bushra, washa."

Mita ikaonyesha pointi mbili ya volti. Kwa kawaida haitakiwi kufika hata pointi moja. Nikamwambia awashe taa kubwa, kisha kiyoyozi. Pointi nne. Tukangoja feni ya rejeta ijiwashe. Josephat alikuwa anafungua na kufunga koleo, kwa makusudi, nadhani.

Feni ikaingia. Mita ikaruka hadi volti moja na zaidi, injini ikakohoa, ikazima.

"Kompyuta ni nzima," nikasema. "Haina ethi."

Bushra akashusha pumzi. Nami nikashusha, mapema mno.

Nikaufuata waya hadi mwisho wake, nikafungua bolti inayoubana kwenye bodi. Chini yake palikuwa na rangi ya fedha, imepakwa mara mbili, vizuri kabisa. Niliijua. Bushra anaitumia kwenye rimu.

Nilikuwa nimewapa mgongo wote. Msasa ulikuwa mfukoni. Kusugua mara tano tu, halafu nasema ilikuwa kutu tu.

"Umeona nini?" Mzee Jumbe akauliza.

"Rangi. Rangi haipitishi umeme."

"Nani kapaka?"

"Si mimi," Josephat akasema haraka. "Mimi sirembi magari."

Sikumtazama mwanangu. Sauti yake ikatoka ndogo. "Ni mimi, mzee. Niliona kutu, nikasafisha, nikapaka ili isirudi."

"Kwa hiyo ni yeye," Mzee Jumbe akaniambia.

"Ni yeye. Lakini si maji, wala si kompyuta. Hilo boksi la kwenye siti lirudi lilikotoka."

Nikampa Bushra msasa. Alisugua mpaka chuma kikang'aa, akakaza bolti kwa spana. Sikumsaidia. Gari likawashwa, taa, kiyoyozi, feni. Mita haikufika hata nusu ya pointi moja.

Mzee Jumbe akainama kuitazama. "Mimi siendeshi mita, naendesha gari," akasema. "Bushra, panda. Twende Bujora na kurudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Likizima njiani, unanipa funguo hapo hapo."

Nilikaa nyuma. Kila feni ilipoingia, niliona mabega ya mwanangu yakipanda hadi masikioni. Iliingia Kisesa kwenye foleni, ikaingia tena Bujora tulipogeuza. Injini ikaendelea.

Tuliporudi gereji, Bushra alizima gari, akachomoa funguo, akazinyoosha kwa mzee.

Mzee Jumbe hakuzipokea. "Saa kumi na mbili asubuhi uwe stendi. Na ukiona kutu tena, unipigie simu kwanza."

"Sawa, mzee."

"Kamshukuru mama yako."

"Asinishukuru," nikasema. "Aende kula, tangu jana hajala."