Usimpungie Aproni

Dada zangu wenye watoto wadogo, nawaandikia mapema maana najua wengi wenu mtakwenda kwenye hifadhi ya nyasi ndefu Septemba hii. Nendeni, siwazuii. Ila someni kwanza yaliyonipata mimi na Ruthanna wangu wa miaka tisa, ambaye nusura nimpoteze kwa ujuaji wangu.

Darlene ndiye aliyetupeleka kwa gari lake, yule mjane asiye wa kanisa letu ambaye nusu yenu mnamkodi kwa kuwa sisi hatumiliki magari. Njia nzima Ruthanna alikuwa na darubini ya baba yake shingoni na daftari lake la ndege mapajani.

Getini mlinzi alituambia tukae hatua mia kutoka kwa baisani, wale nyati wa mwituni wenye manyoya mazito. Tukimkuta karibu, tusimame kimya, kisha turudi nyuma polepole. Na akiinua mkia, basi amekasirika.

"Mwanangu," nikamwambia yule mlinzi kijana, "mimi nakamua tangu nina miaka sita. Huyo si ng'ombe tu, kaongezewa nundu na ndevu?"

"Hapana, mama. Huyo hajawahi kukamuliwa na mtu."

Darlene akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilinuna.

Lakini tulipopanda kilima cha kwanza nikasahau kununa. Jamani, zile nyasi! Huku kwetu kila kipande kimelimwa mpaka ukutani mwa nyumba, mtu husahau kwamba zamani palikuwa hivi. Zilinifika kifuani, rangi yake kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa vizuri. Upepo ukija zinalala zote, ukipita zinainuka, kilima baada ya kilima, bila uzio wala paa la mtu. Bondeni baisani walikuwa wametapakaa weusi, na ndama wao wakikimbizana. Nilisimama pale nikawaza kwamba Bwana alilipanda shamba hili bila kuazima jembe la mtu.

"Mama, yule ndege mwenye kifua cha njano! Yuko pale kwenye jiwe. Niende?"

"Nenda, nakuona."

Nilidanganya, dada zangu. Hatua ishirini tu na nyasi zilikuwa zimemmeza. Nilichokiona ni kofia yake nyeupe, ikitokea na kupotea.

Halafu ardhi ikainuka kati yangu na ile kofia. Alikuwa dume la baisani, amelala kwenye shimo la vumbi wanamogaagaa, na sisi tulikuwa tumempita pembeni bila kujua. Alisimama akajikung'uta, vumbi likafuka kama moshi. Mwanangu alikuwa upande wa pili.

Sasa niambieni, ng'ombe akiziba mlango wa zizi mnafanyaje? Mnashika aproni kwa pembe zake mbili, mnampungia usoni, "Hoo! Hoo!", naye anajiondokea. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Mikono ilifanya yenyewe.

"Hoo!" nikapiga kelele. "Hoo! Toka hapo!"

Akageuka. Kichwa kile kilikuwa kipana kama mlango wa jiko. Mkia ukasimama wima, kama mpini wa pampu ya kisimani.

"Alta!" Darlene alikuwa nyuma yangu, sauti imemkauka. "Mkia! Shusha hicho kitambaa, we mwanamke!"

Nikakiachia. Upepo ukakishika ukaendelea kukipunga badala yangu! Kukivua haikuwezekana, mnajua sisi aproni tunazibana kwa pini, na vidole vyangu havikuwa vidole tena. Yule dume akaja, hatua tano, sita, kwa kasi ambayo sikuidhania kwa mwili ule. Nikapiga magoti, nikaikusanya aproni yote chini ya mapaja na kuikalia.

Akasimama. Kutoka kwake hadi kwangu ni kama kutoka meza ya jikoni hadi kwenye beseni.

"Mama," sauti ndogo ikatoka ng'ambo yake. "Usiseme naye. Mimi nazunguka."

"Usi..." nikaanza.

"Nyamaza, Alta," akanong'ona Darlene. "Mtoto ana akili kukuzidi."

Nikanyamaza. Nikaona kofia nyeupe ikienda pembeni, mbali zaidi na zaidi, polepole, kama mtu anayebeba mayai. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikamtazama mnyama. Manyoya ya paji la uso yalikuwa yamejaa mbegu za nyasi. Inzi alitembea kwenye kope zake naye hakujali. Pumzi yake ilinuka majani mabichi, tamu, kama ya ng'ombe yeyote, lakini jicho halikuwa la ng'ombe. Ng'ombe anakutazama akitaka kitu kwako. Huyu hakutaka chochote kutoka kwangu. Nilimwogopa mpaka mifupani, na bado nilimwona mzuri.

Mkia ukashuka. Akapumua kwa nguvu puani, akainamisha kichwa, akaanza kula.

Ruthanna alitufikia kwa nyuma, uso mweupe kama unga, akanishika bega. Nilirudi kinyumenyume nikiwa nimeibana aproni kwa mikono miwili. Hatua mia, mtoto alizihesabu kwa sauti. Ya mia ndipo nilipomkumbatia mpaka akalalamika kwamba nabonyeza darubini.

"Mama, umemwambia 'hoo' kama unamwambia ng'ombe wetu Bessie."

"Najua."

"Hata jina lake hulijui."

Jioni baba yake aliusikiliza mkasa wote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na maziwa alitoa?" Nikamrushia kitambaa cha kufutia vyombo, halafu nikalia.

Basi, akina mama. Aproni iacheni garini, hata kama mnajihisi uchi. Mtoto awe mkononi. Mlinzi akisema, sikilizeni kama anavyosikiliza mtoto.

Sisi tunarudi Jumamosi. Ruthanna amesema hatua atahesabu yeye, na yule ndege wa kifua cha njano bado hajamwandika.