Nani Kawatia Nyuso Watu Wangu?

Kwenye chumba cha ushonaji walimwita Kimya, maana angeweza kushinda kwenye cherehani asitoe neno ila "nisogezee uzi." Lakini kwa kusoma alikuwa hashikiki. Kila kitabu alichoazima kwenye kibanda cha vitabu cha mjomba wake, akikimaliza alikichora kwenye daftari kubwa lisilo na mistari. Hakuchora hadithi nzima, alichora kilichombakia machoni: mlango wa mjane, viatu vya mlinzi, sufuria iliyoungua. Rangi alichanganyia kwenye vifuniko vya chupa, na nguo za watu wake alizikata kutoka vitambaa vilivyoanguka chini ya mashine, akazibandika kwa gundi.

Nyuso hakuchora. Kichwa kipo, nywele zipo, usoni karatasi tupu. Alipokuwa anasoma aliona migongo na mikono ya watu. Nyuso hazikumjia, naye hakutaka kuwasingizia.

Basi mjomba akaliomba daftari. "Niachie kidogo, mama, wateja waone. Wengine wanafika hapa hawajui wachague kitabu gani."

Kimya akasita. Lakini mjomba ndiye aliyemtia kitabu mkononi siku alizoachishwa shule. Atamnyimaje? Akampa, akasisitiza tu wasilishike kwa mikono michafu.

Aliporudi kulichukua alilikuta wazi juu ya meza ya kibanda, limebanwa kwa jiwe. Akainama aone ukurasa gani.

Mjane alikuwa anacheka.

Mjane yule aliyezika wanawe wote! Meno nje, nyusi zimechongwa, mashavu yanang'aa kama vile vichwa vinavyochorwa kwenye kuta za vinyozi. Kimya akafunua. Mkunga, sura ile ile. Mwizi, sura ile ile. Bibi kizee wa kitabu chekundu kaota sharubu.

"Shikamoo, Mjomba." Salamu ilimtoka kama anatafuna changarawe.

"Marahaba, mama! Umeona mambo? Nilisema maskini mtoto, kazi zimemzidi, hakuwamalizia. Nikamwita Brashi."

Brashi, mchoraji wa mabango, alikuwa palepale kwenye kigoda, vidole vina rangi, anangoja kushukuriwa.

"Nani kakwambia hawajaisha?" Kimya akamgeukia.

"Dada, mtu hana macho, hana pua, ameisha huyo?"

"Hiki cha mjane umekisoma?"

"Mimi tena? Mimi nipe kichwa, nikupe sura."

"Sasa umejuaje anacheka?"

"Ulitaka alie? Nani ataazima kitabu cha mtu analia?"

"Na bibi huyu, sharubu za nini? Huoni gauni?"

Brashi akalisogelea daftari, akakunja uso. "Nilidhani koti."

Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. "Leo Kimya kapata mdomo! Acha hizo, mama. Kakusaidia bure, na ni sura tu."

Kimya akamgeukia mjomba.

"Mjomba, nakuheshimu. Lakini wewe una kipara. Ningekukuta umelala hapa, nikakipaka rangi nyeusi, nikasema maskini mjomba, hakumaliziwa, ungecheka hivyo?"

Wateja waliokuwa wanapekua vitabu wakaangua kicheko. Mkono wa mjomba ukampanda wenyewe kichwani.

"Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Nimekuuliza tu."

"Karatasi hizo, mwanangu. Nitakununulia daftari jingine."

"Na kusoma kwangu kote utakununua wapi?"

Kimya akalitoa jiwe, akalikumbatia daftari, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo tangu azaliwe hajawahi kumfanyia mkubwa yeyote.

Alijaribu kuzibandikia nyuso zile vitambaa, lakini gundi haikushika juu ya rangi ya mafuta ya Brashi. Kwa hiyo kesho yake, wenzake walipotoka kula, alichukua sindano akaanza kuwashonea vitambaa usoni, mmoja mmoja. Mjane alimpa kipande cheupe. Bibi akamficha sharubu kwa kijivu. Kila alipochoma karatasi alisonya.

Akafika kwa mlinzi, yule aliyewafungulia watu lango kisha akawadanganya wakubwa wake. Mkono ukasimama.

Sijui Brashi alikuwa amechoka alipofika ukurasa huo. Jicho moja lilikuwa limelegea kuliko jingine, na mdomo umefungwa kama wa mtu anayemeza jambo. Alikuwa ndiye. Ndiye hasa. Kimya akafumba macho amkumbuke kama alivyokuwa zamani, mgongo na viatu. Hakumpata. Kila akifumba, sura ile imemkalia mbele.

Hilo lilimuudhi kuliko meno ya mjane, kuliko sharubu. Kukosea angeweza kukufunika. Nani alimtuma mtu yule apatie?

Akachagua kitambaa kinene kuliko vyote, akakikunja mara mbili, akakishona kwa nguvu mpaka uzi ukakatika. Akatia mwingine.